Begi la Msafiri na Chandarua cha Mwenyeji

Swali la nini kitiwe begini kabla ya safari huonekana ni swali la chumbani tu, lisilostahili kuingia katika semina ya falsafa ya maadili. Mtu huhesabu siku atakazokaa, huuliza kama huko kuna baridi, hukunja nguo, hufunga zipu, basi. Insha hii inadai kinyume. Inadai kwamba mtu anayefunga begi kwa safari ya mahali ambapo hali ya hewa hubadilikabadilika anaamua jambo la haki: nani atabeba gharama ya yale asiyoyajua. Mvua kunyesha au kutonyesha hakumo katika uwezo wake. Lakini ikinyesha, kuna mtu atakayelowa, na begi lina sehemu kubwa katika kuamua kama atakuwa yeye au mwingine.

Mfano nitakaoutumia ni Nchelenge, wilaya iliyo kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mahali hapa panafaa kwa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa wageni: wachuuzi wa samaki, wakimbizi, watafiti, na wanafunzi kama sisi tulio na likizo ndefu. Kibemba ndicho kinachotawala sokoni Kashikishi, lakini Kiswahili cha Katanga nacho kinasikika, na Mtanzania hapati shida kuomba maji. Pili, hali ya hewa ya huko inamchanganya mgeni.

Sisi tunaotoka Tanzania tunaponzwa kwanza na maneno. Tukisema tunakwenda kutembea kiangazi, tunafikiria jua na fulana. Wenyeji wa Luapula huugawa mwaka katika vipindi vitatu: mpepo, yaani miezi ya baridi na upepo katikati ya mwaka; lusuba, joto kali la Septemba na Oktoba; na mainsa, mvua zinazoanza karibu na Novemba hadi Aprili. Luapula ni miongoni mwa majimbo ya Zambia yenye mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huanza wakati wa mpepo na kuishia mlangoni mwa mainsa. Zaidi ya hayo, msafiri anayepitia Tunduma na Kasama hupita kwanza kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka hadi ziwani, takriban mita 920. Alfajiri anatafuta sweta, mchana analilaani. Mwishoni mwa Oktoba mawingu huweza kujikusanya juu ya ziwa baada ya adhuhuri, upepo ukageuka, na kabla jua halijazama barabara imekuwa mto wa matope. Hakuna orodha ya mavazi inayoweza kuitosheleza safari ya namna hiyo bila begi kuwa gunia.

Basi msafiri afanye nini? Kuna majibu mawili ya zamani, na yote mawili yana heshima.

Jibu la kwanza ni kwenda mwepesi na kutegemea watu. Katika Injili ya Luka, sura ya 9, Yesu anawatuma wale Thenashara na kuwaagiza wasichukue kitu cha njiani, hata mkoba, mkate au fedha. Wategemee nyumba itakayowapokea. Jibu la pili ni kujitosheleza. Sahihi Bukhari inaeleza, kwa kauli ya Ibn Abbas, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Mungu; walipofika Makka wakawa wanaombaomba. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamuru mahujaji wachukue masurufu, na kukumbusha kwamba masurufu bora ni uchamungu.

Mtu anaweza kudhani kwamba mafundisho haya yanapingana. Mimi naona yanakutana. Wale mahujaji hawakulaumiwa kwa kumtegemea Mungu. Tatizo lilikuwa kwamba walisema wanamtegemea Mungu, kumbe walikuwa wakimtegemea mwenye mkate, naye hakuulizwa. Na katika Injili hiyohiyo ya Luka, sura ya 22, Yesu anaurudia mkoba: sasa, anasema, aliye nao auchukue. Hali imebadilika, nyumba zilizokuwa wazi zinaanza kufungwa. Mwalimu mmoja alitoa maagizo mawili kwa majira mawili. Kwa hiyo swali la begi haliwezi kujibiwa kwa kumtazama msafiri peke yake. Ni lazima tumtazame pia yule anayengoja mlangoni.

Oktoba mwaka jana tulikuwa wanne, wageni wa mama mmoja wa Kashikishi anayeuza chisense, samaki wadogo wanaokaushwa juani kama dagaa wetu. Tulimwita Bamayo, kama wanavyomwita watu wote pale. Alitupokea kwa "Mwaiseni mukwai" na sahani ya ubwali, ugali wa huko. Ulipofika wakati wa kulala, akagundua kwamba mmoja wetu hana chandarua. Hakusema neno. Aliingia chumba cha watoto, akatoka na chandarua mkononi, akaanza kutafuta msumari wa kukitundikia. Tulipomuuliza watoto watalalaje, alijibu kwa Kiswahili chake cha kuvuka ziwa: "Mugeni hawezi kulala na mbu." Usiku ule tulibanana wawili wawili na chandarua kikarudi kwa wenyewe. Lakini mwenzetu hakuridhika, na mjadala wetu uliendelea hadi taa ilipozimwa.

Hoja yake ilikuwa nzuri, nami nitaieleza kwa haki. Alisema: "Mimi sikuomba. Bamayo kanipa mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu. Ni mtu mzima, anajua nyumba yake kuliko sisi. Kumrudishia ni kumwambia hajui kukirimu, au kwamba ni maskini. Ninyi mmemvunjia heshima kwa jina la maadili." Kwa lugha ya darasani, alikuwa akidai kwamba ridhaa ya mtoaji humwondolea mpokeaji hatia. Kitu kilichotolewa kwa hiari hakiwezi kuwa dhuluma.

Naona hoja hii inashindwa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba aliyetoa siye aliyepoteza. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoelemewa zaidi na malaria, na watafiti wameichunguza kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Serikali hugawa vyandarua bila malipo, lakini kipimo cha kawaida katika ugawaji wa namna hiyo ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Hakuna cha akiba kwa ajili ya mgeni. Bamayo alipotundua chandarua kile, alitoa kinga ya watoto, na watoto hawakuulizwa. Ridhaa ya mama ni ridhaa ya kweli juu ya mkate wake. Juu ya damu ya mtoto wa miaka minne ni jambo jingine.

Ya pili ni kwamba gharama yenyewe huja wakati mgeni hayupo. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye malaria kwa kawaida haugui kesho yake. Hupita kama wiki moja au mbili. Mgeni amelala siku tatu, amepiga picha na ziwa, amekula samaki, ameaga. Mtoto anaanza kutetemeka wakati mgeni yuko kwao akisimulia jinsi watu wa Luapula walivyo wakarimu. Wabemba wana methali isemayo kwamba aliyekuongoza usiku humshukuru kukicha. Methali hiyo inadhani kwamba kukicha bado mtakuwa pamoja. Pale ambapo kukicha mgeni ameshaondoka, yeye hatajua hata kitu gani alipaswa kukishukuru, na mwenyeji, kwa adabu yake, hatampigia simu kumwambia.

Kutokana na hayo napendekeza tutofautishe aina mbili za vitu ambavyo mwenyeji hutoa. Kuna vitu vinavyogawika bila kumpungukia mwenye navyo, au vinavyompungukia kidogo tu: moto wa jikoni, paa wakati wa mvua, kivuli, kigoda, habari za njia, salamu. Na kuna vitu vinavyohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine: chandarua, dawa, blanketi pekee la nyumba, koti la mvua la mvuvi anayetakiwa ziwani alfajiri. Aina ya kwanza, msafiri asijisumbue kuibeba. Kuibeba ni kama kumfungia mwenyeji mlango wa ukarimu. Aina ya pili, msafiri mwenye uwezo ana wajibu wa kuibeba mwenyewe, hata kama ana hakika kwamba atapewa. Hasa kama ana hakika kwamba atapewa. Kadiri wenyeji walivyo wakarimu, ndivyo begi la mgeni linavyopaswa kupangwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hao hawatamkatalia.

Hapo mtu aweza kuruka upande wa pili na kusema: basi tubebe kila kitu, tusimsumbue yeyote. Ziwa lenyewe lina jibu. Kutoka Nchelenge watu huvuka kwa boti kwenda kisiwa cha Kilwa, ambacho si Kilwa Kisiwani tunayoisoma katika historia ya pwani, wala si mji wa Kilwa ulio ng'ambo, upande wa Kongo. Ni boti za mbao zenye injini, na humo ndani mna watu, magunia ya unga, madumu ya mafuta na kuku. Upepo unapoamka, tofauti kati ya boti inayofika na boti inayoingia maji ni kina cha ubao uliobaki juu ya maji. Begi la kilo 25 lenye viatu jozi nne, kwa sababu "huwezi kujua", linaupunguza ubao huo kwa abiria wote, pamoja na yule mama aliyebeba mtoto na kikapu. Aliyebeba kidogo mno anamtwisha mwenyeji. Aliyebeba kupita kiasi anawatwisha wasafiri wenzake. Wote wawili wamesahau kwamba begi si la faragha.

Na kuna namna nyingine ya kubeba kupita kiasi: kubeba kwa vichwa vya wengine. Historia ya Mweru ina mfano unaotuhusu sisi watu wa Kiswahili. David Livingstone alifika kwenye ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, mvua zikianza. Alikuwa ameanza safari kutoka pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, akiwa na watu wa kumbebea mizigo. Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka, na katika mizigo waliyoondoka nayo lilikuwamo sanduku la dawa. Tangu hapo mwili wake ulikuwa mikononi mwa wengine. Aliishi kwa msaada wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa katika nchi ya Mwata Kazembe na kandokando ya ziwa, na alipougua sana mwanzoni mwa 1869, ni msafara wa Mohamad Bogharib uliombeba machelani mpaka Ziwa Tanganyika. Alifika Ujiji mwezi Machi.

Watu hao walimtendea wema, na baadhi yao walikuwa wakifanya biashara ya watumwa, biashara ambayo yeye aliipinga maisha yake yote. Simlaumu kwa kupokea uji wa mgonjwa. Ninachotaka tukione ni hiki: mtu aliyepoteza kinga yake hapotezi afya tu, hupoteza pia uhuru wa kuchagua ni nani wa kumshukuru. Kwa hiyo kubeba dawa yako mwenyewe si ubinafsi. Ni kujibakishia nafasi ya kusema hapana pale inapostahili kusemwa. Tena tusiwasahau wapagazi. Sanduku lile lilikuwa la Livingstone, lakini shingo iliyolibeba haikuwa yake, na insha juu ya maadili ya mizigo ikimsahau aliyeibeba itakuwa imekosa nusu ya somo.

Kuna pingamizi kubwa zaidi, nalo linatoka katika falsafa yetu wenyewe. Je, mafundisho haya ya kujibebea hayaui utu? Kenneth Kaunda, katika falsafa yake ya Ubinadamu aliyoitangaza mwaka 1967, aliisifu jamii ya kijiji kwa kuwa jamii ya kusaidiana. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, alijivunia ukarimu ambao watu wa jamii ya jadi waliweza kuutegemea. Mgeni aliyejaza begi kila kitu, hata kikombe na chumvi yake, anaingia nyumbani kwa watu kama mtalii anayeingia hifadhini: anatazama, hahitaji, hahitajiwi.

Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo sababu nimesema aina ya kwanza ya vitu isibebwe. Lakini Nyerere huyohuyo, katika kijitabu hichohicho, aliikumbuka methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ili kuonyesha kwamba ukarimu wa jadi haukuwa chaka la kujificha wavivu. Ulikuwa mkataba wa pande mbili. Na ile methali nyingine, mgeni njoo, mwenyeji apone, inakwenda mbali zaidi: inatarajia kwamba kuja kwa mgeni kutamletea mwenyeji nafuu, si hasara. Mgeni anayekuja na chandarua chake ameleta kitu cha kwanza katika hesabu hiyo. Hajaukimbia undugu. Ameulinda usimle mtoto wa nyumba.

Yote niliyoyasema hadi hapa yanamhusu mtu aliyepata muda wa kufunga begi. Si kila anayefika Nchelenge aliupata. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, maelfu ya Wakongo waliikimbia vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakavuka mpaka kuingia Luapula. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, yote mawili katika wilaya ya Nchelenge. Walitoka wakati wa joto, na muda si mrefu mvua za mainsa zikawakuta. Mtu anayekimbia risasi haulizi kama aongeze sweta. Hubeba mtoto, na mkono uliobaki hubeba kilicho karibu.

Kant alifundisha kwamba wajibu hauwezi kudai kisichowezekana. Kama ndivyo, basi kanuni yangu ina upande wa pili ambao ni mzito kuliko ule wa kwanza. Wajibu wa msafiri wa kujibebea hupimwa kwa uhuru aliokuwa nao alipokuwa akifunga mzigo; na kadiri uhuru huo ulivyokuwa mdogo, ndivyo wajibu wa wenyeji, serikali na mataifa unavyopanda. Mwanafunzi mwenye wiki tatu za kujiandaa na nauli mfukoni hana haki ya kupokewa kama mkimbizi. Mkimbizi naye hapaswi kuulizwa kwa nini hakuja na blanketi. Makosa mengi ya kimaadili tunayoyaona mipakani hutokana na kuwachanganya hawa wawili: mtalii anatandikiwa kitanda, na aliyekimbia usiku anahojiwa juu ya mzigo wake. Tena tukumbuke kwamba vyandarua, visima na zahanati za Nchelenge vilikuwa havitoshi hata kabla ya 2017. Kila mgeni wa hiari anayekuja mikono mitupu anapanga foleni mbele ya yule asiyekuwa na hiari.

Nirudi sasa kwenye begi, maana insha ya maadili isiyoweza kumwambia mtu afanye nini Jumamosi asubuhi haijamaliza kazi. Anayekwenda Mweru kati ya Agosti na Novemba abebe chandarua chenye dawa na kamba za kukitundikia. Abebe dawa zake zote anazozijua, na za kutosha siku chache zaidi ya alizopanga, kwa sababu mvua ikiharibu barabara mgeni wa siku tatu huwa mgeni wa wiki. Abebe sweta moja, koti la mvua moja jepesi, kandambili, tochi, na mfuko wa nailoni wa kufungia vyeti na simu. Kama atapanda boti na ana uwezo, apate jaketi la kujiokolea, maana hilo ni kitu ambacho hakuna abiria atakayemvulia bila kuhatarisha roho yake mwenyewe. Nguo nyingine zipunguzwe nusu. Nguo hufuliwa, na jua la lusuba hukausha upesi. Sahani, kigoda, hadithi na mwavuli wa kwenda sokoni atavikuta huko.

Na begi lisijae. Nafasi inayobaki ni sehemu ya mpango. Siku ya kuondoka, chandarua kinaweza kubaki kimetundikwa pale kilipo, juu ya kitanda ambacho kesho atalala mtoto wa nyumba, na pembe kilimokaa itoshe pakiti ya chisense ambayo Bamayo hatakubali mgeni aondoke bila kuichukua. Hiyo ni zawadi anayoweza kuitoa bila yeyote nyumbani mwake kuugua, na mgeni aipokee kwa mikono miwili.